Ripoti ya Mwanasaikolojia kwa Viza ya T, U au VAWA: Nani Akuandikie?

Wakili amekwambia ombi lako la makaratasi litakuwa na nguvu zaidi likiambatana na ripoti ya mtaalamu wa afya ya akili. Umetoka ofisini kwake ukiwa na majina mawili matatu: mtaalamu wa kulipwa anayehoji kwa video, kliniki ya chuo kikuu isiyotoza kitu lakini ina foleni, na yule mshauri nasaha ambaye tayari unakutana naye kila wiki. Rafiki wa kanisani naye anasema mambo ya ripoti ni kupoteza hela, andika maelezo yako mwenyewe inatosha. Makala hii ni yako wewe uliyetumikishwa, uliyepigwa, uliyebakwa au kushambuliwa ukiwa Marekani, na sasa unaomba kubaki kwa njia ambazo sheria imewawekea manusura.

Mimi hufanya ukalimani wa Kiswahili kwenye mahojiano ya aina hii. Si mwanasheria wala mwanasaikolojia. Nimewaona watu wakichagua kwa bei, na wengine wakichagua kwa idadi ya shahada zilizotundikwa ukutani. Kwa maoni yangu hayo mawili yafuate baadaye. La kwanza ni kujua ombi lako lina pengo gani, kwa sababu kila aina ya ripoti huziba pengo la namna yake.

Ripoti inathibitisha nini hasa

Kwa maombi haya, hakuna fomu ya USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, inayodai ripoti ya mwanasaikolojia. Viza ya T, ya waliotumikishwa, huombwa kwa fomu I-914, viza ya U, ya waliofanyiwa uhalifu fulani, kwa I-918, na ombi la binafsi chini ya VAWA, yaani sheria ya 1994 ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake (huwalinda wanaume pia, na ni ya aliyenyanyaswa na mwanafamilia aliye raia au mkazi wa kudumu), kwa I-360. Katika zote tatu afisa anatakiwa kupima ushahidi wowote unaoaminika: maelezo yako ya kiapo, picha, ujumbe wa simu, rekodi za hospitali, barua ya jirani. Ripoti ni kipande kimoja kati ya hivyo. Ila yapo mambo ambayo bila mtaalamu ni vigumu mno kuyaonyesha, na kila njia ina yake.

Viza ya U iliundwa kwa sheria ya Oktoba 2000, pamoja na ile ya T. Ni ya mtu aliyefanyiwa uhalifu ulio kwenye orodha ya sheria hiyo, kama ubakaji, ukatili wa nyumbani au utekaji, na ambaye alisaidia, anasaidia au yuko tayari kusaidia vyombo vya sheria. Lazima uwe na Supplement B, uthibitisho wa polisi, mwendesha mashtaka, jaji au chombo kingine chenye mamlaka, uliotiwa saini ndani ya miezi sita kabla ya kupeleka ombi. Ukikosa saini hiyo, hata ripoti ya kurasa hamsini haitakuokoa. Inapofanya kazi ni kwenye sharti jingine, la kwamba ulipata madhara makubwa ya mwili au ya akili. Kanuni inamwelekeza afisa atazame aina ya jeraha, ukali wa kitendo, uzito wa madhara, muda kilioendelea, madhara ya kudumu, na pia kama uhalifu ulizidisha hali uliyokuwa nayo kabla.

Hilo la mwisho ndugu zetu wengi kutoka Kongo hawalijui. Mama aliyetoka Uvira au Fizi na majeraha ya vita, akaja kushambuliwa huku, huogopa kutaja yaliyompata nyumbani akidhani afisa atasema ugonjwa wake umetoka huko. Kumbe kuzidishwa kwa jeraha la zamani kunahesabiwa. Mtaalamu anayejua kazi huuliza ulikuwa ukilala vipi kabla ya tukio, ukifanya kazi gani, ukienda ibadani au la, kisha anaandika nini kilibadilika. Ukimficha ya nyuma, unamnyima kipimo cha kulinganishia.

Viza ya T haidai saini ya polisi, ingawa tamko lao likiwepo husaidia. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba ulitumikishwa kazi au ngono kwa nguvu, ulaghai au shuruti (kwa ngono, mwenye umri chini ya miaka 18 hahitaji kuthibitisha hayo matatu). Kwamba uko Marekani kwa sababu ya yaliyokupata. Kwamba ulitoa ushirikiano kwa maombi yanayofaa ya vyombo vya sheria. Na kwamba ukiondolewa utapata tabu kubwa isiyo ya kawaida. Kwenye T ndipo naona ripoti ikifanya kazi nyingi kuliko kwingine kote.

Chukua neno shuruti. Kuna kesi ya madai inayojulikana, ya mwanamke Mtanzania aliyefanyishwa kazi za ndani nyumbani kwa afisa wa ubalozi wa Tanzania huko Bethesda, Maryland, kwa miaka kadhaa bila mshahara, pasipoti yake ikiwa imeshikiliwa. Mwaka 2008 mahakama ya shirikisho mjini Washington iliamuru alipwe zaidi ya dola milioni 1. Mtu asiyeyajua maisha ya aina hiyo akisoma faili lake huuliza swali moja: kama hakufungwa minyororo, mbona hakutoka? Mtaalamu ndiye anayeweza kueleza jinsi kunyang'anywa pasipoti, kutishiwa polisi, kukatazwa kuongea na watu, na hofu ya aibu itakayoifika familia kijijini vinavyomfunga mtu ndani ya nyumba yenye milango wazi.

Halafu kuna sharti la kushirikiana na polisi. Sheria inamsamehe aliye chini ya miaka 18, na inamsamehe pia ambaye kiwewe cha mwili au cha akili kinamzuia. Kama huwezi kukaa mbele ya askari na kueleza bila kuzimia au kuganda, tamko la mtaalamu wa afya ya akili, afisa ustawi wa jamii au mtetezi wa manusura lina thamani kubwa hapo. Na kwenye tabu utakayoipata ukirudishwa, ripoti inaweza kusema unahitaji tiba gani, wakili akaongeza ushahidi wa tiba iliyopo utakakopelekwa. Ukiwa unatoka kijiji cha mbali, kusema tu kwamba Tanzania ina Mirembe kule Dodoma au Kenya ina Mathari jijini Nairobi hakujibu swali la nani atakutibu kila wiki. Na Bukavu, ambako kuna kituo cha magonjwa ya akili cha SOSAME, ni mji uliotekwa na waasi wa M23 Februari 2025.

VAWA nayo haimtaki mtu awe amevunjwa mkono. Ukatili uliokithiri unaweza kuwa matusi ya kila siku, kufungiwa pesa, kutishiwa kuitiwa Uhamiaji, kutengwa na ndugu. Haya hayaachi alama kwenye picha, kwa hiyo athari zake akilini ndizo zinazosomeka.

Njia nne zilizo mbele yako

Ya kwanza ni mtaalamu wa kujitegemea unayemlipa kwa kazi hiyo tu. Anaweza kuwa mwanasaikolojia, daktari wa magonjwa ya akili, au afisa ustawi wa jamii mwenye leseni ya tiba. Ya pili ni mtaalamu wa kujitolea, anayepatikana kupitia kliniki za vyuo vya udaktari kama ile ya Weill Cornell mjini New York, au mtandao wa shirika la Physicians for Human Rights lililoanzishwa 1986. Ya tatu ni barua ya mtaalamu anayekutibu. Ya nne ni kutokuwa na ripoti kabisa, ukategemea hati yako ya kiapo na ushahidi mwingine. Hii ya nne watu huisahau, na wakati mwingine ndiyo sahihi.

Nitazipima zote kwa vigezo vilevile: gharama na muda, uzito wa maandishi mbele ya afisa, lugha na ugumu wa kusimulia, usiri, na kitakachotokea miaka ikipita kabla hujajibiwa.

Gharama na muda

Fomu za I-914 na I-918 zenyewe hazina ada, kwa hiyo ukiondoa wakili, ripoti ya kulipia inaweza kuwa gharama kubwa kuliko zote. Bei hutofautiana kwa jimbo na kwa mtu: wapo wanaotoza mamia kadhaa ya dola, wapo wanaovuka 2,000. Uliza mapema kama bei hiyo inajumuisha mkalimani, masahihisho wakili akiona kosa la tarehe, na kutoa ushahidi mahakamani ikibidi. Unacholipia hasa ni kasi. Wengi wao humaliza ndani ya wiki chache, na wakati Supplement B yako inakaribia kufikisha miezi sita, kasi hiyo ina maana.

Kliniki ya kujitolea haikutozi. Foleni ndiyo bei yake, nayo inaweza kuchukua miezi. Jambo jingine: wengi hawampokei mtu anayepiga simu mwenyewe. Maombi hupitia kwa wakili, ambaye hueleza kesi inahusu nini na anahitaji swali gani lijibiwe. Kama huna wakili, mlango huu kwa kawaida umefungwa, na hilo ni jambo la kuumiza kwa sababu wasio na wakili ndio wasio na hela pia.

Barua ya anayekutibu mara nyingi ni bure au kwa ada ndogo, na huandikwa haraka kwa sababu anakujua. Ila matibabu yenyewe yana gharama. Kila jimbo lina mfuko wa fidia kwa waathirika wa uhalifu, na mifuko mingi hulipia unasihi. Masharti hutofautiana, kama vile kuripoti polisi ndani ya muda fulani, kwa hiyo mwulize mtetezi wa manusura wa eneo lako kabla hujakata tamaa.

Kutokuwa na ripoti hakugharimu kitu, ila kunadai muda wako na wa wakili. Hati ya kiapo inayosimama peke yake haiandikwi kwa kikao kimoja.

Uzito wa maandishi

Pengine umesikia takwimu kwamba wenye ripoti hushinda. Zinatokana na utafiti kuhusu waombaji hifadhi waliopimwa kupitia Physicians for Human Rights. Mmoja, wa kesi za 2000 hadi 2004, ulikuta 89% walikubaliwa ilhali wastani wa nchi ulikuwa 37.5%. Mwingine, wa 2008 hadi 2018, ulikuta 81.6% dhidi ya 42.4%. Namba hizi ni za kweli na zinatia moyo. Ila ni za hifadhi, si za T, U wala VAWA, na watu hao walikuwa na mawakili ambao huenda walipeleka kesi zilizoonekana kuwa na msingi. Anayekuuzia ripoti kwa kukuonyesha asilimia hizo kana kwamba ni dhamana, mwogope.

Mtaalamu wa kujitegemea huandika ripoti kamili: historia, hali yako wakati wa mahojiano, vipimo, utambuzi wa ugonjwa, na maoni yake kuhusu uhusiano wa hali hiyo na yaliyokupata. Vipimo vya kawaida ni PCL-5 yenye maswali 20 ya dalili za kiwewe na PHQ-9 yenye maswali tisa ya sonona. Nguvu yake ni kwamba hana uhusiano nawe. Udhaifu wake ni uleule: amekuona saa mbili au tatu, na analipwa. Afisa anaweza kulipima hilo. Zaidi ya yote, kuna wanaotumia kiolezo kimoja kwa kila mteja. Ukisoma ripoti yako ukakuta kurasa tatu za maelezo ya jumla kuhusu kiwewe na aya mbili tu kuhusu wewe, irudishe.

Watu wa kujitolea wengi wamefunzwa kwa Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza na kuweka kumbukumbu za mateso, uliofanyiwa marekebisho 2022. Mwongozo huo humlazimisha mtaalamu aseme kwa ngazi jinsi dalili zinavyoendana na simulizi: haziendani, zinaendana, zinaendana sana, na kuendelea. Lugha hiyo ya tahadhari huongeza imani ya msomaji. Hawana hela ya kupata kwako, na hilo nalo linaonekana. Uzoefu wao ndio haulingani. Wengine wamefanya kazi hii miaka mingi, wengine wamemaliza mafunzo juzi na wanasimamiwa. Wengi wameizoea hifadhi kuliko T, kwa hiyo wakili awaeleze mapema kwamba pengo ni shuruti, au ni kushindwa kuongea na polisi.

Anayekutibu ana kitu ambacho wengine wote hawawezi kukinunua: amekuona ukibadilika, au ukikwama, kwa miezi. Anaweza kuandika kwamba vikao vitatu mfululizo hukuweza kutaja jina la mwajiri wako. Kwa swali la kama kiwewe kinakuzuia kushirikiana na polisi, sioni ushahidi bora zaidi. Lakini kazi yake ni kukuponya, hakukuchunguza ili kujua kama unasema kweli, na waadilifu kati yao watakataa kutoa maoni ya kisheria. Barua zao pia huwa fupi, ukurasa mmoja au miwili. Kwa kesi yenye ushahidi mwingine mzuri, ukurasa mmoja wa aina hiyo unatosha.

Na asiye na ripoti? Kama una hukumu ya mahakama dhidi ya aliyekudhuru, rekodi za hospitali zinazoonyesha ulilazwa, na Supplement B iliyojazwa kwa kina ikieleza majeraha yako, madhara makubwa tayari yanaonekana. Mtoto aliye chini ya miaka 18 anayeomba T haulizwi kuhusu ushirikiano na polisi, kwa hiyo sababu moja kubwa ya kutafuta ripoti inaondoka.

Lugha na ugumu wa kusimulia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona ripoti nzuri zikiharibika.

Kiswahili kimoja hakimtoshi kila mtu. Aliyekulia Lubumbashi au Bukavu na Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa anaweza kupata tabu na mkalimani wa Mombasa, na mkalimani akaona aibu kusema hajaelewa. Mrundi wa kambi ya Nyarugusu huongea Kiswahili vizuri sokoni, lakini akianza kueleza alivyobakwa hurudi kwenye Kirundi. Wabantu wa Somalia waliofika Marekani, wale walio Wazigua, wana Kizigua chao. Sema mapema unataka lugha gani na mkalimani wa jinsia gani. Si usumbufu. Ni haki yako, na ni ubora wa ripoti.

Usikubali mtoto wako akalimani. Usikubali mume, shemeji, wala mtu wa kanisani au msikitini. Jumuiya zetu huku ni ndogo na watu hujuana, kuanzia Columbus hadi Portland, na manusura anayehofia habari zitamfikia mama mkwe atakata nusu ya simulizi. Mkalimani wa mbali kwa simu, asiyekujua, mara nyingi ni salama kuliko jirani mwenye nia njema.

Mtaalamu wa kulipwa anayeongea Kiswahili mwenyewe yupo, ila ni nadra. Wengine hutumia mkalimani uliyemlipia wewe. Kliniki za vyuo huwa na huduma ya ukalimani, lakini zina jambo la kulijua: wanafunzi wa udaktari mara nyingi hukaa chumbani wakiandika. Ni watu wazuri na wanajifunza kazi muhimu, ila una haki ya kuuliza watakuwa wangapi, na kusema hapana. Kwa anayekutibu, lugha mmeshaizoea, na faida kubwa ni kwamba hutaanza upya. Kusimulia kwa mgeni kwa saa tatu bila kujua utamwona tena lini kunaweza kukurudishia ndoto mbaya kwa wiki nzima. Panga siku ya pili yake usiende kazini ukiweza, na mtu unayemwamini ajue uko wapi. Mawazo ya kujidhuru yakija, namba 988 hupokewa usiku na mchana.

Eleza mwili wako unavyokufanyia kama unavyoeleza nyumbani. Kichwa kinawaka, moyo unakimbia, miguu inakufa ganzi ukisikia gari limesimama nje. Usitafute maneno ya kitabibu, na usikariri dalili za kwenye mtandao. Wataalamu huyatambua maneno ya kukariri. Na kama hukumbuki tarehe, sema hukumbuki. Kiwewe huvuruga mpangilio wa kumbukumbu, mtaalamu anaweza kuliandika hilo, lakini tarehe ya kubahatisha inayopingana na hati yako ya kiapo itakuandama.

Mahojiano kwa video yalienea tangu korona mwaka 2020 na yanafaa kwa aliye mbali na miji mikubwa. Hakikisha leseni ya mtaalamu inamruhusu kuhudumia mtu aliyepo jimboni kwako, na tafuta sehemu ya faragha. Chumba cha maktaba au ndani ya gari lililoegeshwa ni bora kuliko nyumba ambayo mwenzako wa chumba anasikia.

Usiri

Sheria ya 1996, iliyopanuliwa baadaye kuwahusu waombaji wa T na U, inakataza maofisa kutoa habari za ombi la aina hii nje ya matumizi machache yaliyoruhusiwa, na inawazuia kutegemea peke yake habari zilizotoka kwa aliyekudhuru. Huo ni upande wa serikali. Upande wako uko kwenye uchaguzi wa nani akuandikie.

Ripoti iliyoagizwa na wakili, iwe ya kulipia au ya kujitolea, humpitia wakili kwanza. Akiona ina jambo la kudhuru, mnaweza kuamua kutoiwasilisha. Kwa anayekutibu ni tofauti: nyuma ya barua yake kuna faili zima la vikao, na barua inaweza kuleta maswali kuhusu kilichomo humo, hasa kesi ikiwa mbele ya jaji. Mwambie akuonyeshe barua kabla ya kuisaini, na usisaini ruhusa ya kutoa faili lote wakati kinachotakiwa ni barua.

Wanaoomba VAWA wawe makini na bima. Kama tiba inalipiwa na bima ya mume, taarifa ya malipo inaweza kutumwa kwa mwenye bima, na atajua unakwenda wapi na tarehe gani. Na popote uendako, mtaalamu analazimika kutoa taarifa akijua mtoto anateswa, na anaweza kuchukua hatua akiona uhai wa mtu uko hatarini. Muulize mipaka hiyo mwanzoni kabla hujaanza kusimulia.

Miaka ikipita

Viza za U ni 10,000 tu kwa mwaka kwa waombaji wakuu, na foleni ni ya miaka mingi. Za T ni 5,000. Ripoti uliyoandikiwa leo inaweza kusomwa mtoto wako akiwa sekondari, na USCIS wanaweza kukuandikia wakitaka ushahidi zaidi. Mtaalamu wa kulipwa atakuandikia nyongeza kwa ada. Wa kujitolea anaweza kuwa amehamia jimbo jingine. Anayekutibu, kama bado mko pamoja, ana la kusema jipya bila kukuhoji tena. Kama umepona kwa kiasi, msifiche: kupona kwa sababu ya tiba ni hoja ya kwa nini tiba isikatizwe.

Kwa hali yako

Kama unaomba T na kizuizi ni kwamba hukuweza kwenda polisi, nawe una mshauri uliyemzoea, anza na barua yake. Ripoti ya mtu wa nje iongezwe wakili akiona shuruti haijaeleweka.

Kama hujawahi kutibiwa, una wakili wa bure na muda upo, foleni ya kliniki ya kujitolea inastahili kusubiriwa. Tumia miezi hiyo kuanza tiba, si kwa ajili ya kesi bali kwa ajili yako. Ripoti haitibu.

Kama saini ya polisi inakaribia kuisha muda, au tayari uko mahakama ya uhamiaji na tarehe imepangwa, mtaalamu wa kulipwa anaweza kuwa ndiye pekee atakayewahi. Mwombe wakili majina ya waliowahi kuandika kwa njia unayoomba wewe, na omba malipo kwa awamu. Wengi hukubali.

Kama ushahidi wako wa mwili na wa mahakama ni mzito, na kusimulia tena kunakuvunja, zungumza na wakili kuhusu kwenda bila ripoti. Huo si uzembe.

Kama ombi lako ni la VAWA na ukatili haukuacha alama, ningetafuta ripoti kamili, ya kulipia au ya kujitolea, kuliko barua fupi. Kwa mwanamume aliyenyanyaswa na mke raia nasema hivyohivyo kwa mkazo zaidi, kwa kuwa wengi wao hawana hata jirani aliyewahi kuambiwa.

Kama unaomba T au U na una kosa la zamani au uliingia bila viza, huenda ukahitaji pia msamaha kwa fomu I-192. Mwambie mtaalamu mapema, maana kiwewe kinaweza kueleza sehemu ya yaliyotokea, na ripoti moja ikatumika kwa maombi yote mawili.

Kama huna wakili, usinunue ripoti kwanza. Ombi likikataliwa unaweza kujikuta mbele ya jaji wa uhamiaji, na anayekuuzia ripoti, fomu na ahadi ya viza kwa bei moja hatakuwepo siku hiyo. Tafuta shirika la msaada wa kisheria lenye ithibati, kisha ripoti.

Na kama bado uko ndani ya nyumba au kazi unayotumikishwa, tathmini isubiri. Namba ya taifa ya usafirishaji haramu wa binadamu ni 1-888-373-7888, inapokea saa zote, ina wakalimani, na unaweza kupiga bila kutaja jina lako. Piga ukiwa peke yako, kwa simu ambayo mwajiri haishiki.